Mbwa Akikohoa: Hesabu Pumzi Kabla ya Kumpanua Mdomo

"Daktari, kuna mfupa umemkwama kooni." Ndivyo simu nyingi za mbwa wanaokohoa zinavyoanza, ziwe zinatoka Isevya, Ipuli au vijijini Uyui. Mwenye mbwa anaeleza vizuri kabisa: mbwa ananyoosha shingo, anakohoa kikohozi kikavu chenye kishindo, mwishoni anajikamua kana kwamba anataka kutapika, anatema povu jeupe kidogo, halafu anatulia na kutikisa mkia. Na mara nyingi, kabla sijapigiwa, nyumbani kumekwisha kufanyika moja kati ya mambo mawili. Ama kijana amempanua mbwa mdomo akaingiza vidole kuutafuta huo mfupa, ama mbwa amemiminiwa mafuta ya kula ili uteleze.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Tabora. Siku zangu nyingi huishia kwa ng'ombe, kama ilivyo kwa wenzangu katika mkoa huu wa wafugaji, ila mbwa wananigusa sana. Wanalinda nyumba na ng'ombe hao hao usiku kucha, na wakiugua ndio wa mwisho kuhudumiwa. Kwa hiyo namwomba kila anayefuga mbwa ashike hili kwanza: mbwa akikohoa, usiingize mkono mdomoni mwake, na usimnyweshe kitu kwa nguvu. Kaa pembeni, mtazame, hesabu pumzi zake.

Kwa nini usiingize mkono

Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu bado upo nchini kwetu, na hauanzi na ukali kila mara kama watu wanavyodhani. Virusi vyake hupooza misuli ya koo na taya. Mbwa anashindwa kumeza, mate yanamchuruzika, taya la chini linalegea, sauti ya kubweka inabadilika na kuwa ya kukwaruza. Ukimtazama utaapa kwamba kakwamwa na mfupa. Wapo wasiouma mtu hata mmoja, wanapooza tu hadi wanakufa. Lakini mate yao yamejaa virusi, na mchubuko mdogo kwenye kidole unatosha kuvipitisha. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Sisemi kwamba kila mbwa anayekohoa ana kichaa. Mbwa anayekohoa kisha akala ugali wake wote, akanywa maji na kumkimbilia mtoto getini, yuko mbali na ugonjwa huo. Ninayemwogopa ni yule anayeweka mdomo kwenye maji asiweze kumeza, anayetoa mate mfululizo, aliyebadilika tabia, na ambaye hajachanjwa kichaa ndani ya mwaka mmoja uliopita. Huyo mfungie ndani alipo, watoto wakae mbali, na piga simu ofisi ya mifugo ya kata au ya halmashauri. Kama mtu ameumwa, au mate yamemgusa penye jeraha, machoni au mdomoni, osha hapo papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15, na sabuni penye ngozi. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kwa nini usimnyweshe

Mbwa anayekohoa koo lake limewasha na njia ya hewa iko wazi wakati usiofaa. Ukimwinua kichwa na kumimina mafuta, maziwa au maji ya chumvi, sehemu yake inaingia mapafuni. Mafuta ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa huteleza hadi chini bila hata kumshtua akohoe, na mapafu hayana njia ya kuyaondoa upesi. Siku chache baadaye anapata nimonia, ana homa, hali chakula, anapumua kwa tumbo. Inauma kumwona mbwa aliyekuwa na kikohozi cha kupona chenyewe ndani ya wiki mbili tatu akigeuka mgonjwa wa kupigania uhai kwa sababu ya kikombe cha mafuta kilichomiminwa kwa nia njema.

Na kama kweli kakwamwa? Mbwa aliyezibwa njia ya hewa huwezi kumkosea. Inaanza ghafla, mara nyingi akiwa anakula. Anajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, anahangaika, hewa haipiti, hata sauti ya kukohoa haitoki, ulimi unageuka bluu. Hapo una dakika chache tu, na hapo pekee ndipo ninaporuhusu kuuangalia mdomo, tena kwa mbwa unayejua ana chanjo na mtu wa pili amemshika. Ukikiona kitu, kivute kwa koleo. Usisukume kwa kidole usichokiona. Kisipotoka, mbwa mdogo mnyanyue miguu ya nyuma kichwa kiwe chini. Mkubwa msimamie kwa nyuma, zungusha mikono tumboni chini tu ya mbavu, kisha bana kwa ghafla kuelekea juu na mbele, mara nne au tano.

Mfupa uliokwama kwenye njia ya chakula ni jambo lingine. Huyo anapumua, lakini anameza mate tena na tena, anatoa udenda, na maji aliyokunywa yanarudi. Mifupa ya kuku iliyopikwa na mibanzi ya mifupa ya mbuzi ndiyo huwa inaleta haya, na miiba ya migebuka, samaki wanaotujia kutoka Kigoma, nayo imo. Mlete siku hiyo hiyo, akiwa hajala wala kunyweshwa.

Namna ya kumtazama

Subiri alale, au ajilaze ametulia. Usimpime akitoka kukimbia, wala saa nane mchana mwezi wa Oktoba ambapo kila mbwa wa Tabora anahema ulimi nje kujipoza. Usiku au alfajiri ndiyo nzuri. Tazama mbavu: zikipanda na kushuka hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa nusu dakika kwa saa ya simu, zidisha kwa mbili. Mbwa mzima aliyelala anapumua chini ya mara 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 30 mara mbili tatu katika usiku mmoja, mpigie daktari kesho asubuhi. Ukipata zaidi ya 40 na unaona tumbo linajikaza kusaidia kila pumzi, usingoje kesho.

Kisha fizi. Inua mdomo wa juu pembeni kwa kidole kimoja, bila kumpanua, kama una uhakika ana chanjo na hana dalili nilizozitaja. Fizi ziwe na rangi ya waridi na ziwe na unyevu. Mbwa wetu wengi wana fizi nyeusi za asili, hao watazame ulimi anapohema, au ndani ya kope la chini. Rangi ya kijivu au bluu inasema hewa haitoshi. Nyeupe inasema damu ni pungufu.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Usishtuke kwa kuwa limezidi letu, ndivyo alivyoumbwa. Ukiwa na themometa ya dijitali ya kumwekea mbwa peke yake, ipake mafuta ya mgando na uiingize taratibu njia ya haja kubwa. Ikizidi 39.5 ana homa. Pua kavu au pua ya moto haikuambii kitu, na sikio la moto halikuambii kitu.

Andika kwenye daftari: amekohoa saa ngapi, akifanya nini, kikavu au chenye makohozi, amekula au amesusa. Halafu mrekodi kwa simu akiwa anakohoa, sauti isikike vizuri. Hili naliomba kwa msisitizo. Mbwa akifika kwangu, kwa hofu ya mahali pageni, mara nyingi hakohoi hata kidogo, na picha ya eksirei ya mbwa si kitu cha kupata kila kona ya mkoa huu. Video ya nusu dakika inanipa zaidi ya maelezo ya nusu saa. Wapo waliokuja wakisema mbwa anakohoa, video ikaonyesha anavuta hewa kwa puani mfululizo huku akikoroma, amesimama amekakamaa, kisha anamaliza na kuendelea na shughuli zake. Hiyo ni chafya ya kinyumenyume, na ikiwa ni ya mara mojamoja haina haja ya dawa.

Ni mbwa gani, anaishi wapi

Ukinipigia, swali langu la kwanza ni umri wake.

Mtoto wa mbwa chini ya miezi sita akikohoa, nawaza minyoo na nawaza distempa. Minyoo ya mviringo, Toxocara canis, humpata hata kabla hajazaliwa, kutoka kwa mama yake, na viluwiluwi vyake hupita mapafuni kabla ya kurudi tumboni. Kikohozi chake huambatana na tumbo kubwa na manyoya makavu. Apewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya 2 ya umri, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baadaye kila miezi mitatu, pamoja na mama yake. Minyoo hii huwapata watoto wetu pia wanaocheza kwenye mchanga wenye kinyesi cha mbwa, kwa hiyo kumpa mbwa dawa hiyo ni kuilinda nyumba nzima.

Distempa ndiyo inayonikosesha raha. Mtoto anakohoa, macho yana matongo ya kijani asubuhi, kamasi nzito puani, homa, anaharisha. Baada ya siku au wiki ngozi ya pua na ya nyayo inaweza kuwa ngumu, na wengine wanaanza kutetemeka taya au mguu mmoja bila kukoma. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua, ingawa binadamu haumwi distempa. Hakuna dawa inayoviua. Tunamsaidia kwa maji, lishe na antibayotiki za kuzuia magonjwa nyemelezi, na wengi bado tunawapoteza. Anayedhani ni jambo dogo la mbwa wa mtaani akumbuke mwaka 1994, distempa ilipoingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, simba wapatao 1,000.

Hapa niseme jambo ambalo linawaponza wengi. Mtu ananiambia, "Huyu amechanjwa," na akinionyesha kadi ni chanjo ya kichaa peke yake. Chanjo hiyo ni ya lazima kwa roho yako na ya majirani, lakini haizuii distempa wala kikohozi. Kuna chanjo mchanganyiko inayokinga distempa, parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu) na baadhi ya virusi vya kikohozi. Huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Inatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ukiinunua dukani ikiwa juu ya rafu yenye joto, umenunua maji.

Mbwa mzima, mwenye nguvu, aliyechanganyika na wenzake siku chache zilizopita, kwenye windo, kwa jike lenye joto, au amelala nyumba ya ndugu yenye mbwa wengine, kisha akaanza kile kikohozi cha kishindo chenye povu mwishoni: huyo ndiye "mwenye mfupa." Mara nyingi ni kikohozi cha kuambukiza, kinacholetwa na bakteria Bordetella bronchiseptica pamoja na virusi viwili vitatu. Huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kukutana na mgonjwa. Kama anakula, anacheza na pumzi zake za usingizini ziko chini ya 30, mtulize nyumbani. Mtenge na wenzake kwa wiki mbili au zaidi, bakuli lake liwe lake. Mvue kola na mnyororo, maana kila akivuta shingo anaamsha kikohozi upya. Mpe ugali laini wenye mchuzi usio na chumvi wala vitunguu, na maji safi wakati wote. Asali yetu ya Tabora haimdhuru mbwa mzima akiilamba mwenyewe, kijiko cha chai. Inalainisha koo, haitibu. Mwenye kinga dhaifu ya mwili nyumbani asimhudumie mbwa huyu, kwani Bordetella mara chache humpata mtu pia.

Mbwa mzee ni habari nyingine. Mzee mmoja wa kata ya Ng'ambo, hapa hapa Tabora, alinipigia kwa ajili ya Tomi wake. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Tomi anakohoa usiku, lakini ni uzee tu." Nikamwomba amhesabie pumzi akilala. Usiku huo huo akanirudishia jibu: 48. Haukuwa uzee, ulikuwa moyo umechoka na maji yameanza kujaa mapafuni. Kikohozi cha moyo hupenda usiku na alfajiri, mbwa anakataa kulala ubavu, anaketi viwiko vimetanuka, anachoka kwa hatua chache. Dawa za kupunguza maji na za kuusaidia moyo zipo, na zinaweza kumpa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, ya kupumua vizuri, mradi aletwe kabla hajaishiwa kabisa. Hesabu ya pumzi ndiyo ninayomwachia mwenye mbwa wa namna hii kama kazi ya kila usiku.

Wale mbwa wadogo wa manyoya marefu wanaofugwa mjini, wakikohoa kwa mlio kama wa bata bukini kila wakivutwa kamba au wakifurahi, koo lao la hewa ni laini na linajikunja. Wafunge mkanda wa kifuani badala ya kola, na wapunguze unene.

Mazingira nayo yana neno. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi letu ni jingi. Mbwa anayelala jikoni penye kuni, au kando ya mabani wakati wa kukausha tumbaku kule Urambo, Kaliua na Sikonge, anavuta moshi usiku kucha. Mhamishe wiki moja uone kama kikohozi kinapungua. Ukipulizia dawa shambani, mfungie mbali. Mbwa aliyepata sumu ya kuulia wadudu hutoa mate mengi, mboni zinasinyaa, anatetemeka na kupumua kwa shida. Huyo mlete mbio pamoja na chupa ya dawa yenyewe, nisome kilichomo.

Kuna pia mnyoo Spirocerca lupi, anayeota uvimbe kwenye koo la chakula. Mbwa anaupata kwa kula dundu wanaoviringisha mavi, au kwa kutupiwa matumbo mabichi ya kuku aliyekula dundu hao. Mbwa anacheua chakula, anakonda, na wengine wanakohoa. Matumbo ya kuku yapikwe, basi.

Na wapo wanaohema sana bila kikohozi, fizi nyeupe, macho yana ukungu: hao hufuatana na warina asali na wachungaji kwenye miombo yenye mbung'o na kupe, na ugonjwa uko kwenye damu. Wanahitaji kipimo. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Tabora, na daktari wako anaweza kupeleka sampuli huko.

Dawa za dukani

Usimpe Panadol, diklofenaki wala Brufen. Panadol huweza kuharibu ini na damu ya mbwa, hizo nyingine hutoboa tumbo na kuua figo. Usimpe dawa ya kikohozi ya watoto, nyingine zina vitu ambavyo kwa mbwa ni sumu, na kikohozi chenye makohozi hakitakiwi kuzimwa. Usimchome sindano iliyobaki ya ng'ombe. Ile ivermektini ya ng'ombe imekolezwa kwa mnyama wa kilo 300, na tone la kukadiria kwa macho ni hatari kwa mbwa wa kilo 15. Antibayotiki ya kubahatisha kwa kikohozi cha virusi haimsaidii mbwa, inawafundisha vijidudu usugu, na kesho usugu huo unamkuta mtoto wako.

Lini uje

Njoo sasa hivi, hata usiku, kama fizi ni bluu au nyeupe, anakohoa damu, anapumua kwa tumbo huku shingo imenyooshwa, ameanguka, au umemnywesha kitu na tangu hapo anahema. Njoo ndani ya siku moja kama ana homa, amesusa chakula, ana matongo na kamasi nzito, au ni mtoto wa mbwa, mjamzito au mzee. Kikohozi cha kawaida kwa mbwa mchangamfu kikipita siku 10 bila kupungua, njoo vilevile.

Kuja kwenyewe kuna utaratibu wake. Asubuhi mapema, kabla ya jua kali. Usimfunge mdomo kwa kamba mbwa anayepata shida ya kupumua. Najua bodaboda wanaogopa kuumwa, lakini mbwa hupoa na kupata hewa kupitia mdomo huo, na wapo wanaokufa njiani kwa kufungwa. Mtie kwenye tenga pana la kuku lenye gunia chini, au apande bajaji na mtu anayemzoea. Usimlaze chali wala kumkumbatia kifua. Beba kadi ya chanjo, daftari, video, na kila dawa aliyopewa, hata kama ni ya kienyeji. Sitakugombeza, nataka tu kujua kilichomo tumboni.

Ukifika, nipigie ukiwa nje na umweke chini ya mwembe kivulini mpaka nikuite. Ndani huwa kuna watoto wa mbwa waliokuja kwa chanjo ya kwanza, na kikohozi kimoja chumbani kinawatosha wote.